Mke Mwenzangu Ana Funguo 88

*Nilidhani mume wangu amepanga nyumba ndogo. Kumbe amekopa benki kununua piano, na kazi anataka kuacha! Ilibidi tusafiri mpaka Mbinga na Ziwa Nyasa ndipo tukaelewana.*

Wapenzi wasomaji, leo nawasimulia ya chumbani kwangu. Mume wangu ameshasoma na ameruhusu, ila ameomba nisitaje jina lake. Poa.

Ilikuwa Jumanne usiku, mwishoni mwa Mei. Nilikuwa natafuta kadi ya kliniki ya mtoto kwenye mkoba wake, nikakutana na slipu yake ya mshahara. Macho yakaenda moja kwa moja kwenye makato. Kodi, sawa. Pensheni, sawa. Bima, sawa. Halafu mstari mpya ambao sijawahi kuuona: mkopo. Shilingi 310,000 kila mwezi, kwa miezi 24.

Moyo ukafanya paa! Dada zangu mlioolewa mnajua akili inakimbilia wapi hapo. Amempangia mtu Sinza, amemnunulia na makochi. Nikakaa kitandani namsubiri atoke kuoga, slipu mkononi.

"Baba watoto, hii ni nini?"

Akaiangalia. Akakaa, taulo begani, maji yanamtiririka. "Ni piano," akasema.

Piano! Si kile kinanda cha umeme anachobeba kila Jumapili kwenda kwaya. Piano kabisa, ya mbao, ya kusimama, yenye nyaya ndani. Aliinunua kwa familia moja ya wageni waliokuwa wanarudi kwao, akaificha kwa rafiki yake Mikocheni kwa sababu aliogopa kuileta nyumbani. Kabla sijameza hilo, akaongeza la pili: "Na nimeshaamua. Desemba naacha kazi. Nataka kutunga muziki, basi."

Mume wangu ni mhasibu. Ana miaka 38. Tuna watoto 2, ada 2, na nyumba ambayo haijapigwa plasta. Na muziki anaotunga si wa kwaya peke yake, maana huo angalau watu wanauimba. Anaandika vipande vya piano, vya dakika 6 au 7, havina maneno, havichezeki harusini. Niseme ukweli, kwa miaka 9 ya ndoa nilikuwa nauita "muziki wako wa kwenye lifti". Nilidhani ni utani. Yeye alikuwa anacheka, lakini nadhani ulikuwa unamuuma.

Tukanuniana wiki 3. Unapika, unatenga, unageuka ukutani.

Safari ya kimya

Julai mdogo wake alikuwa anaoa. Kwao ni Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kwa Wamatengo wa milimani. Bibi harusi ni Mnyasa wa Mbamba Bay, chini kule ziwani. Kamati ya harusi ilishachukua mchango wetu, kwa hiyo kununa au kutonuna, safari ilikuwepo.

Kutoka Dar mpaka Songea ni zaidi ya kilometa 900. Mkiwa mmenuniana zinakuwa kama 2,000. Makambako tukashuka kunywa chai, baridi inakata masikio, akanivisha koti lake bila kusema neno. Nikalivaa bila kusema asante. Mnaona tulipofikia!

Songea tulilala, asubuhi tukapanda gari la binamu yake kuelekea Mbinga. Kabla hatujafika mbali akaomba tupitie Peramiho. Nikajua anataka kusali. Kumbe alitaka kunionyesha kitu.

Peramiho ni abasia ya Wabenediktini, waliofika pale mwaka 1898 wakitokea Ujerumani. Walijenga hospitali, karakana, mtambo wa kuchapisha vitabu, shule, seminari, na popote walipojenga kanisa walifundisha watu kuimba kwa nota. Sasa fikiria, kijana wa Kingoni au Kimatengo amekulia kwenye ngoma, anapewa karatasi ya mistari 5 na kinanda cha kupuliza kwa miguu. Ndivyo watunzi wengi wa kusini walivyoanza.

"Padre Stephen Mbunga ametokea huku," mume wangu akaniambia. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu Dar.

Padre aliyeandika Misa ya Kiswahili

Kama humjui Mbunga, usione aibu, na mimi sikumjua. Wengi wetu tunazijua nyimbo tangu utotoni lakini hatujui nani alizitunga.

Mbunga alikuwa padre na mtunzi. Ndiye aliyetunga Misa Baba Yetu, na alifanya kazi hiyo kipindi ambacho Misa ya Kikatoliki bado ilikuwa ya Kilatini. Mwaka 1963 kitabu chake kiitwacho Church Law and Bantu Music kilichapishwa Uswisi. Ni kitabu kinachochambua nyaraka na sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu, na jinsi zinavyouhusu muziki wa Kibantu. Desemba 4 mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia inayotaka muziki wa asili wa kila taifa uheshimiwe. Baadaye Mbunga alifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ugomvi wenyewe ulikuwa nini? Mume wangu alinieleza pale nje ya kanisa, na hapo ndipo nilipoanza kusikiliza. Kiswahili kina mkazo, na mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukichukua tuni ya Kijerumani ukaipachika maneno ya Kiswahili, mkazo unaangukia pasipo pake. Watu wanaimba, lakini maneno yanasikika kama yanasemwa na mgeni. Mtunzi wa kwetu anaanza na neno linavyotamkwa, halafu ndiyo anatafuta nota.

Na ujue Baba Yetu kwa Kiswahili imefika mbali. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin aliitungia muziki mpya sala hiyohiyo, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Mwaka 2011 ukampa tuzo ya Grammy, wa kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Lugha ni yetu, tuzo kwake.

"Sasa kwa nini wewe huandiki Misa?" nikamuuliza. "Kwa nini piano tupu?"

"Misa naandika. Ila kuna vitu havina maneno," akasema.

Nikanyamaza. Kitu gani hicho ambacho hakina maneno, na mimi mkewe nipo?

Sanduku la bati la baba mkubwa

Tukapita Kigonsera, kwenye misheni ya tangu 1899, ambako marehemu Rais Benjamin Mkapa alisoma seminari, tukaingia Mbinga jioni. Mbinga ni milima juu ya milima. Kwenye miteremko unaona ngoro, kilimo cha Wamatengo cha mashimo. Wanafyeka nyasi, wanazipanga chini kwa mistari inayokatizana kama drafti, wanachimba udongo katikati na kuzifunika. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni na udongo hauendi na maji. Na kahawa iko kila mahali. Julai ilikuwa ndiyo inachumwa na kuanikwa.

Mama mkwe alinipokea kwa vigelegele, akaniangalia usoni mara moja tu, akasema, "Mwanangu, kesho mpelekee baba mkubwa wako sukari." Akina mama wakwe hawa! Hakuuliza kitu, lakini alishajua.

Baba mkubwa ana miaka 81. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya kwa zaidi ya miaka 30. Nikampigia goti, "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba mwanangu, kaa." Mume wangu alivyoingia tu, mzee akaagiza sanduku la bati litolewe uvunguni.

Ndani yake kulikuwa na madaftari. Yote yameandikwa kwa mkono, kwa solfa, zile herufi za do, re, mi zenye nukta na vistari, sauti 4 moja chini ya nyingine. Panya walishakula pembe. Nikajaribu kuhesabu nyimbo nikaishia 70 na kitu.

Mume wangu akavuta moja, akaanza kuimba sauti ya besi polepole. Nikashtuka. Wimbo ule tunaimba parokiani kwetu Dar! Nimeuimba mimi, siku ya kipaimara cha mtoto wetu mkubwa. Na ninakumbuka vizuri ile fotokopi, juu kulia imeandikwa: Mtunzi hajulikani.

"Baba mkubwa, huu ni wako?"

"Nilitunga mwaka 1974," akasema. "Mama yenu mkubwa alikuwa amelazwa Litembo. Nilikuwa natembea kwenda kumwona, basi nikatunga njiani."

"Ulilipwa?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nani amlipe nani, mwanangu? Askofu alinipa rozari."

Nikamwambia kwamba Dar wanauimba na jina lake halipo. Hapo hakucheka. Alikaa kimya muda, akawa anafunga na kufungua lile sanduku. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Na huyu wa kwako, umeshamsikiliza?"

"Nani?"

"Mumeo. Tangu aanze mpaka amalize. Umeshamsikiliza?"

Wasomaji, sikuwa na jibu. Miaka 9. Huwa nampitia na sahani mkononi, nasema punguza sauti mtoto amelala. Sijawahi kukaa chini nikasikia kipande kimoja mwanzo mpaka mwisho.

Mganda ufukweni

Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni chini ya kilometa 70 za lami. Barabara inajikunja milimani, masikio yanaziba, halafu ghafla unaliona ziwa. Bluu tupu, na ng'ambo kule Malawi. Joto nalo linakupokea. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini wenyeji wanaoana juu na chini kama zamani.

Ndoa ilifungwa vizuri, keki ikakatwa, MC akatuchosha, DJ akapiga Bongo Fleva. Halafu wazee wa upande wa bibi harusi wakasema muziki wa spika uzimwe. Wanaume wakaingia kwa mistari, wamevaa nguo nyeupe, wamenyooka kama askari wa gwaride. Mganda!

Mganda una historia yake. Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika mpaka ziwa hili. Agosti 1914 meli ya Waingereza ilivamia meli ya Wajerumani palepale Liuli, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay. Vijana wa huku walibeba mizigo na bunduki za watu wengine. Waliyaona magwaride na bendi za matarumbeta. Vita ilipoisha, kandokando ya ziwa lote, huku na Malawi, watu waliugeuza ule muziki wa gwaride ukawa wao. Matarumbeta hawakuwa nayo, wakatumia vibuyu. Unaimba ndani ya kibuyu, kinatoa mlio wa kukwaruza kama tarumbeta. Ngoma kubwa inashika chini, ndogo zinajibu. Wanawake nao wana kioda chao.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, jicho limemtoka, mkono unapiga paja. Nikamsogelea. Ndiyo mara ya kwanza tangu Mei niliposogea mwenyewe.

"Unahesabu nini?"

"Sikiliza. Ngoma kubwa inapiga 2, zile ndogo zinapiga 3, ndani ya muda uleule. Wewe fuata kubwa." Akanishika kiganja, akapiga 2 upande mmoja na 3 upande wa pili. Nilikosea mara 5 hivi. Ya 6 nikaipata, tukacheka wote kama wachumba.

Usiku, barazani kwenye nyumba ya wageni, nikamwambia, "Hebu nipigie. Chote."

Alikuwa amebeba kinanda chake kidogo cha umeme. Akakiweka juu ya meza ya plastiki, akaanza. Sitajidai mtaalamu. Mwanzo niliona ni kelele zinazojirudia. Halafu nikasikia kitu ninachokijua: ile 2 na 3 ya mganda, ila safari hii iko vidoleni. Mkono wa kulia ulikuwa vibuyu. Na mkono wa kushoto, kila alipofika mahali fulani, ulitoka nje ya kinanda ukagonga mbao ya benchi. Ngo! Unarudi, unaendelea, halafu ngo! tena.

"Mbona unagonga benchi?"

"Funguo zimeisha," akasema. "Hiki kina 61. Piano ina 88. Ngoma kubwa iko kwenye zile ambazo hapa hazipo."

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo nilipoielewa ile slipu ya mshahara. Hakuwa na mwanamke Sinza. Alikuwa na ngoma kichwani ambayo haikuwa na pa kupigiwa.

Bado nilikuwa na hasira ya kufichwa, tena nilimwambia hivyo. "Ungeniambia ningekasirika siku 2. Umenificha, nimekasirika miezi 2." Akasema, "Ningekuambia ungesema muziki wa lifti." Tukanyamaza wote. Kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Wenzetu walifanyaje?

Usiku ule sikulala. Nikakaa na simu nasoma habari za watu wa namna yake. Kumbe mambo yetu si mapya.

Uganda kuna Justinian Tamusuza, aliyezaliwa 1951. Alisoma Belfast kwa mtunzi Kevin Volans, baadaye akachukua shahada ya udaktari Marekani, akarudi kufundisha Makerere. Kipande chake cha violini 2, viola na selo kinatumia midundo ya Kiganda. Wapigaji wanadonoa nyaya na kugonga mbao za vyombo vyao, kama mtu fulani na benchi lake. Kundi la Kronos Quartet lilikiweka kwenye albamu ya Pieces of Africa mwaka 1992, ikasikika dunia nzima. Lakini alikuwa mwalimu wa chuo wakati wote. Uganda hiyohiyo ilikuwa na Joseph Kyagambiddwa, mtunzi wa oratorio ya Mashahidi wa Uganda ya mwaka 1964, walipotangazwa watakatifu kule Roma. Nigeria alikuwepo Akin Euba, aliyefariki 2020, ambaye maisha yake yote alitetea kwamba Mwafrika anaweza kuipiga piano kama anavyopiga ngoma na marimba.

Kinshasa, Armand Diangienda alikuwa rubani. Kazi ya urubani ikaisha, na mwaka 1994 akaanzisha okestra ya simfoni ya Kanisa la Kimbangu. Violini zilikuwa chache kuliko watu, wakawa wanapokezana. Leo kuna filamu ya mwaka 2010 inayowahusu.

Marekani nako si kwamba hela inadondoka. Philip Glass, mmoja wa watunzi wanaojulikana zaidi duniani, aliendesha teksi na kufanya ufundi bomba New York mpaka karibu miaka 40 na ushee, hata baada ya opera yake kujaza ukumbi mwaka 1976. Charles Ives alikuwa na kampuni ya bima. Anatafuta wateja mchana, anatunga usiku na wikiendi, na mwaka 1947 akapata tuzo ya Pulitzer. Mhasibu wangu alipoisoma hiyo ya bima alitabasamu vibaya sana.

Na kama mtunzi ni mke? Someni habari za Clara na Robert Schumann wa Ujerumani. Baba yake Clara aliikataa ndoa mpaka wakaenda mahakamani, wakaoana Septemba 1840, siku 1 kabla Clara hajafikisha miaka 21. Wote walikuwa watunzi, na kwa piano mke alikuwa anajulikana kuliko mume. Lakini kuta za nyumba zilikuwa nyembamba, kwa hiyo Robert akitunga, Clara hakuruhusiwa kufanya mazoezi. Watoto 8! Robert alipofariki 1856, ni Clara aliyelisha familia kwa matamasha. Jiulize: nyumbani kwako, nani ananyamaza ili nani atunge?

Padre Mbunga peke yake ndiye aliyekuwa na nafuu. Hakuwa na mke wa kumuuliza ada ya shule.

Mkataba wa Mbamba Bay

Asubuhi tulitembea ufukweni. Akina mama walikuwa wanaanika usipa, wamemetameta kama sarafu. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikatoa kalamu. Nilimwambia, "Mimi mhariri. Hakuna kitu kinachoenda bila kuandikwa."

Tulibishana saa 2. Yeye alitaka Desemba. Mimi nilitaka kamwe. Tulichoandika ni hiki: piano inakuja nyumbani. Kazi haiachwi mpaka mkopo uishe na tuwe na akiba ya matumizi ya miezi 12. Siku 4 kwa wiki, saa 11 alfajiri mpaka saa 1, ni za piano, na mimi ndiye ninayeandaa watoto. Jumamosi anafundisha wanafunzi, na hela hiyo inarudisha mkopo. Hakuna tena mkopo wa siri, wala utani wa lifti.

Kama na wewe unaishi na mtu wa namna hii, chukua haya niliyojifunza:

1. Msikilize kwanza, hesabu baadaye. Huwezi kukataa au kukubali kitu ambacho hujawahi kukisikia mpaka mwisho.

2. Uliza mshiko unatoka wapi, kwa majina. Mtunzi halipwi kwa wimbo peke yake. Anafundisha, anapiga hotelini na kwenye ndoa, anaandikia filamu na matangazo, anatunga kwa kuagizwa na kwaya au taasisi. Kama mwenzako hana hata njia 2 kati ya hizo, bado ni mapema kuandika barua ya kuacha kazi.

3. Andika jina na mwaka juu ya kila karatasi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. COSOTA ndiyo ofisi ya kuanzia. Lakini sheria haiwezi kumsaidia "Mtunzi hajulikani".

4. Elimu ipo hapahapa. TaSUBa Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumira kule Arusha, na Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar iliyoanza kufundisha 2002. Kipaji bila shule kinachoka haraka.

5. Piano ni kama mtoto. Ina nyaya zaidi ya 200, na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani nyingi. Joto na unyevu wa Dar vinaivuruga, mchwa wanaipenda, na mafundi wa kuitunia ni wa kutafuta kwa tochi. Weka fungu la matengenezo kwenye bajeti kabla hujalipia usafiri.

6. Siri ya hela ni siri ya mapenzi. Mwanamke akikuta makato asiyoyajua, hafikirii piano.

Ilipofikia

Piano iko sebuleni. Ilibebwa na vijana 6, tukahamishia televisheni chumbani, na mama mwenye nyumba ya jirani ameshakuja kulalamika mara 1 na kusikiliza mara 2. Saa 11 alfajiri ninaamshwa na ile ngoma kubwa, sasa ina funguo zake. Siku nyingine ninatamani kuichoma moto. Siku nyingine ninalala macho, ninasikiliza mpaka mwisho, ndipo niwashe jiko.

Mkopo bado. Akiba yetu imefika miezi 4 kati ya 12. Mwezi uliopita ada zilipanda, tukachota, ikarudi 3. Sijui kama ataacha kazi. Na yeye hajui. Juzi alikuja na wanafunzi wapya 2, akaandika mwenyewe kwenye lile daftari letu la Mbamba Bay, bila kuambiwa.

Lakini kitu kimoja kimekamilika. Madaftari ya baba mkubwa alikuja nayo Dar kwenye begi la mkononi, hakukubali yawekwe kwenye buti la basi. Ameanza kuyachapa kwenye kompyuta, usiku, wimbo mmoja mmoja. Ule wa 1974 ndio wa kwanza. Nilipeleka kopi mpya mwenyewe kwa katibu wa kwaya parokiani, nikasubiri mpaka agawe zote na kukusanya zile za zamani.

Juu kulia kuna jina lake na mwaka. Tukampigia simu Mbinga, nikamsomea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.